Milki na Dhamana Yake

Katika masuala ambayo mafakihi na wanafalsafa wa kale waliyadurusu kwa subira, na ambayo sisi wa zama hizi tumeyaacha mikononi mwa madalali na mawakili kana kwamba hayahusiani na roho ya mwanadamu, limo suala la milki: mtu anaposema kuwa kitu fulani ni chake, usemi huo wampa haki gani, wamtwisha mzigo gani, na mzigo huo waishia wapi. Haki kila mtu aijua, kwani hata mtoto mdogo huidai kabla hajajua kuitaja. Mzigo ndio ufichamao, na aghalabu hauonekani ila baada ya bei kulipwa, mkataba kutiwa sahihi na muuzaji kwenda zake. Nimevutwa kulirejea suala hili na jambo ambalo huenda msomaji asilitazamie, nalo ni hesabu wanayoifanya wahandisi na wahasibu wa viwanda vya chipu za kompyuta kabla ya kununua mtambo mmoja. Watu hao hawakukusudia kuandika falsafa wala fikihi, lakini naona kwamba wameupima mzigo wa milki kwa uangalifu ambao ni nadra kuonekana katika biashara nyingine, wakaufuata hadi mahali fulani, kisha wakasimama. Na hapo waliposimama ndipo nitakapo kupazungumza.

Chanzo cha hesabu hiyo ni dhiki. Katika miaka ya 1980 viwanda vya semikondakta vya Marekani, ambavyo vilizoea kutangulia tangu siku za transista za kwanza, viliona soko la chipu za kumbukumbu likihamia Japani, na nyuma yake likafuata soko la mitambo yenyewe, kiasi kwamba mashine za kuchapa michoro kwa mwanga juu ya silikoni, ambazo hapo awali fahari yake ilikuwa ya GCA ya Massachusetts, zikawa zanunuliwa kwa Nikon na Canon. Mwaka 1987 kampuni 14 za Marekani zilishirikiana, serikali yao ikakubali kuchangia dola milioni 100 kwa mwaka, na likaundwa shirika la SEMATECH, lililoweka makao yake Austin, Texas, likaongozwa kwanza na Robert Noyce, mmoja wa wavumbuzi wa chipu, mpaka alipofariki mwaka 1990. Miongoni mwa mambo ambayo shirika hilo liliyaeneza katika viwanda lilikuwa swali moja, jepesi kulitamka na zito kulijibu: yawaje mtambo ulionunuliwa kwa bei ndogo umfukarishe mwenyewe, na ule wa bei kubwa umtajirishe? Jibu lilitungwa kuwa hesabu, na katika miaka ya 1990 hesabu hiyo ikaingizwa katika kanuni za SEMI, jumuiya ya watengenezaji wa mitambo hiyo, ikapewa alama ya E35, ili mnunuzi na muuzaji wanapotaja gharama ya kumiliki wawe wanataja kitu kimoja.

Namna yake, ikielezwa bila alama za hisabati, ni hii. Zikusanywe kwanza gharama zilizotulia, yaani bei ya mtambo, usafirishaji na usimikaji wake, mafunzo ya watakaouendesha, na nafasi utakayoikalia ndani ya chumba safi, ambako kila mita ya mraba ni ghali kwa sababu hewa yake huchujwa usiku na mchana. Ziongezwe gharama zijirudiazo, ambazo ni mishahara, umeme, gesi, kemikali, maji yaliyosafishwa kupita maji yoyote anywayo mwanadamu, vipuri, na ujira wa mafundi. Kisha iongezwe sehemu ya tatu, ambayo kwangu ndiyo fahari ya hesabu nzima, nayo ni thamani ya kazi njema itakayoharibiwa na mtambo wenyewe. Jumla igawanywe kwa idadi ya visahani vya silikoni vitakavyotoka vizima katika maisha yote ya mtambo. Na idadi hiyo hupatikana kwa kuzidisha umri wa mtambo, kasi yake, sehemu ya muda ambayo kwa kweli wafanya kazi, na sehemu ya kazi yake isiyo na kasoro.

Natoa mfano wa kubuni, kwa ajili ya kufahamisha tu. Tuchukulie mtambo wa dola milioni 10, uliogharimu milioni 1 kuusimika, na unaokula milioni 2 kila mwaka kwa miaka mitano, wenye kupitisha visahani 60 kwa saa na kufanya kazi asilimia 80 ya saa zote za majuma 52 ya mwaka. Katika umri wake utapitisha visahani 2,096,640. Tuseme waharibu kisahani kimoja tu katika kila mia, kosa ambalo katika kazi nyingi za mikono lingehesabiwa kuwa ustadi. Basi visahani vilivyoharibika ni takriban 20,966, na kila kimoja kikiwa na thamani ya dola 1,000, hasara hiyo peke yake yafika karibu dola milioni 21, sawasawa na bei, usimikaji na matumizi yote ya miaka mitano yakijumlishwa pamoja. Kila kisahani kizima kitakuwa kimebeba gharama ya dola 20 na senti 22. Sasa aje muuzaji wa pili na mtambo wa dola milioni 15, sawa na ule wa kwanza kwa kila sifa isipokuwa kwamba waharibu nusu ya visahani vile: gharama yashuka hadi dola 17 na senti 49. Aliyetazama bei alikimbia milioni 5, akaingia katika hasara ya zaidi ya milioni 10, na asipofanya hesabu hatajua maisha yake yote ni nini kilichomfilisi.

Napenda kukaa kidogo kwenye sehemu hii ya tatu, maana ina siri ambayo wahasibu wa kale hawakuiingiza daftarini. Kisahani cha silikoni hukaa kiwandani takriban miezi mitatu na kupita mamia ya hatua, mara kikichongwa kwa gesi, mara kikipakwa madini, mara kikipigwa mwanga, na katika kila hatua kikizidi thamani kwa sababu kimebeba kazi ya wote waliokishika kabla. Mtambo wa hatua ya mwanzo ukikosea, umeharibu silikoni tupu. Mtambo wa hatua ya mwisho ukikosea kosa lile lile, kwa kipimo kile kile, umeharibu amali ya watu mamia na ya miezi yote iliyopita. Kwa hivyo hesabu haimuulizi mwenye mtambo amepoteza nini katika mali yake tu, bali yamuuliza amepoteza nini katika kile alichokabidhiwa. Hiyo ni lugha ya amana, na ni ajabu yenye kufurahisha kuikuta katika fomula ya kiwandani: kwamba ubaya wa kosa haupimwi kwa udogo wa tendo, wapimwa kwa ukubwa wa dhamana iliyokuwa mkononi mwa mtendaji wakati ule.

Mafakihi wetu hupambanua kati ya raqaba ya kitu, yaani kitu chenyewe, na manfaa yake, wakasema kwamba yawezekana mtu akamiliki moja bila ya jingine, kama apangishavyo nyumba akabaki na raqaba na mpangaji akachukua manfaa. Hesabu ya SEMATECH imesimama juu ya tofauti hiyo hiyo: bei hununua raqaba, ilhali kinachogawanya gharama ni manfaa. Walioweka wakfu katika pwani yetu, msikiti, kisima au shamba la minazi, walilijua jambo hili tangu zamani, na mafakihi wakaamuru kwamba pato la wakfu litumike kwanza kuimarisha mali yenyewe, ukuta uzibwe na paa liezekwe, kabla hajapewa mnufaika hata mmoja. Kwani bila ya hivyo wanufaika wa leo wangekula haki ya wanufaika wa kesho. Na hata mwenye jahazi ajua kwamba hakulinunua siku ile alipolipa fedha pwani, bali hulinunua kila msimu kwa kalafati, kwa mafuta ya sifa, kwa deheni, kwa tanga na kwa amari, na mwaka atakaoacha kulinunua ndio mwaka bahari itakapolichukua.

Ukitaka kuona jinsi raqaba inavyoweza kuwa nyonge, tazama mmoja wa mitambo iliyo ghali kuliko yote katika kazi hii, utengenezwao na ASML ya Veldhoven, nchini Uholanzi. Ndani yake matone ya bati yapatayo 50,000 kwa kila sekunde hupigwa na leza yakageuka moto mkali kupita kiasi, ukatoka mwanga usioonekana kwa macho, wenye wimbi la nanomita 13.5, ukaongozwa na vioo vya kampuni ya Zeiss ya Ujerumani hadi juu ya silikoni. Uzito wake ni kama tani 180, bei yake yapita dola milioni 150, na umeme unaoula ni kiasi cha megawati moja. Mtu atolaye fedha hizo angetazamiwa awe mmiliki kamili kuliko wote, kumbe sivyo. Mafundi wa mtengenezaji hubaki kiwandani kwa mnunuzi, vipuri hutoka kwa mtengenezaji, ujuzi wa kuutengeneza hauuzwi pamoja nao, na serikali ya Uholanzi ndiyo iamuayo nani apelekewe na nani anyimwe, hata China haijapata ruhusa ya kuupokea. Mwenye mtambo huo ana chuma na vioo mkononi, lakini manfaa yake yategemea ridhaa ya watu wengine kila siku. Mimi siioni hali hii kuwa upungufu wa teknolojia hiyo. Naiona kuwa ufunuo wa hali ya milki yote ya mwanadamu, ambayo dini zimeihubiri tangu kale zikisema kuwa mmiliki wa hakika ni Mwenyezi Mungu na sisi ni makhalifa juu ya mali, ila kwa vitu vidogo twaweza kujisahaulisha, na kwa kitu kikubwa hiki haiwezekani.

Jirani ya kanuni ile ya gharama iko kanuni nyingine ya SEMI, yenye alama ya E10, ambayo yaugawa muda wote wa mtambo katika hali sita: kuzalisha, kungoja kazi, kutumiwa na wahandisi kwa majaribio, kusimama kwa matengenezo yaliyopangwa, kusimama kwa hitilafu ya ghafla, na muda ambao haukupangiwa kazi. Hakuna saa katika saa 168 za juma iachwayo bila jina. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliweka ndani ya Ihya Ulum al-Din kitabu kizima juu ya muraqaba na muhasaba, yaani kujichunga na kujihesabu, ambamo nafsi hufananishwa na mshirika wa biashara aliyepewa mtaji, na mtaji wenyewe ni umri, naye hudaiwa hesabu ya kila siku. Sisemi kwamba wahandisi wa Austin walimsoma Ghazali. Nasema kwamba yeyote aichukuliaye dhamana kwa uzito wake hufika pale pale, kwenye kukataa kuziacha saa zipotee bila kuulizwa zilikwenda wapi.

Mpaka hapa nimeisifu hesabu hii, na sifa zangu ni za kweli. Lakini iko kaida mashuhuri ya mafakihi, ambayo kadhi yeyote aliyepata kukaa barazani ameitumia, kwamba apataye faida ya kitu ndiye aibebaye hasara yake, wala haifai mtu mmoja akusanye matunda na mwingine alipe maji. Tukiipima hesabu ya gharama ya kumiliki kwa kaida hiyo, twaona kwamba ndani ya ua wa kiwanda imetimia karibu yote: umeme umo, gesi imo, saa ya fundi imo, hata chembe ya vumbi iangukiayo silikoni imo. Nje ya ua, kimya.

Mwaka 1981 iligunduliwa kwamba tangi la chini ya ardhi la kiwanda cha Fairchild, kusini mwa mji wa San Jose, California, lilikuwa limevuja kemikali za kuyeyushia mafuta, zikaingia katika kisima kilichowapa majirani maji ya kunywa. Walipochunguza viwanda vingine, walikuta uvujaji huko nako, hata wilaya ile ya Santa Clara, ambayo dunia yaijua kwa jina la Bonde la Silikoni, ikawa na maeneo 23 katika orodha ya serikali kuu ya Marekani ya mahali palipochafuka zaidi, kuliko wilaya yoyote nyingine nchini humo. Katika baadhi ya maeneo hayo maji ya chini ya ardhi yaendelea kuvutwa na kusafishwa hadi leo, ilhali mitambo iliyoyachafua ilikwisha vunjwa zamani na umri wake daftarini ulikwisha hesabiwa na kufungwa. Hapa hesabu ya wenye viwanda haikukosea katika kujumlisha wala katika kugawanya. Ilikosea katika kuamua nani ni mwenye gharama. Mama aliyeteka maji kwenye bomba lake katika mtaa ule alikuwa akilipia mtambo ambao hakuumiliki, na hakuna aliyemwambia.

Mambo kama hayo hayakwisha na karne iliyopita. Mwaka 2021, Taiwan ilipopatwa na ukame mbaya kuliko wote katika zaidi ya nusu karne, serikali ilisimamisha umwagiliaji katika makumi ya maelfu ya hekta za mashamba ili maji yawatoshe wakazi na viwanda. Wakulima walipewa fidia, jambo la insafu, lakini msimu wa mpunga uliopotea haukuandikwa katika gharama ya kisahani hata kimoja. Na gesi zitumiwazo kuchonga silikoni zina habari nzito zaidi, kwa kuwa mojawapo, tetrafloridi ya kaboni, hukaa angani kiasi cha miaka 50,000 ikilizuia joto la dunia lisitoke. Fomula ina nafasi ya umri, nayo hujazwa miaka mitano au saba, kumi ikiwa mtambo ni imara. Nimeutafakari sana uwiano huo wa miaka saba kwa miaka 50,000, na naona kwamba hapo hesabu ya biashara yagusa jambo ambalo lilikuwa la wanazuoni wa dini peke yao, yaani matokeo ya tendo yanayodumu baada ya mtendaji, jamaa zake, kampuni yake na pengine ulimi wake kutoweka.

Lililo zito kuliko yote ni la Korea Kusini. Binti mmoja aliyeingia kazini katika kiwanda cha Samsung cha Giheung angali kijana, na aliyekuwa akichovya visahani katika kemikali, alipatwa na saratani ya damu akafariki mwaka 2007, akiwa na umri wa miaka 22. Baba yake, dereva wa teksi, alikataa kunyamaza. Alipiga mbiu, wakajitokeza wengine waliougua au kufiwa, wakaenda mahakamani, na mwezi wa Novemba 2018 kampuni ikaomba radhi hadharani kwa kutosimamia vya kutosha hatari za kiafya katika viwanda vyake, ikakubali kulipa fidia. Zaidi ya miaka 11 ilipita kati ya kifo na radhi. Katika miaka hiyo, katika hesabu ya gharama ya kumiliki ya mitambo iliyoshikwa na binti yule, mstari wa kazi ya watu ulikuwamo: ulihesabu mshahara wake wa saa.

Atatokea msomaji aniulize: wataka maisha ya binti yaandikwe kwa dola na senti, karibu na bei ya vipuri? Swali hilo ni la haki, na halijibiki kwa upesi. Fikihi yaweza kutuongoza, kwa kuwa ilikutana nalo mapema. Mali ikiharibiwa, mwenye kuiharibu hulipa thamani yake, na thamani huulizwa sokoni. Mtu aliye huru si mali, hana soko, hana thamani kwa maana hiyo. Lakini sheria haikusema kwamba kwa kuwa hana thamani ya sokoni basi aliyemwua kwa kukosea asidaiwe kitu. Iliweka diya, kiasi kilichopangwa na sheria yenyewe, kisichopanda kwa tajiri wala kushuka kwa fukara ati kwa sababu ya kazi yake. Diya haisemi kwamba uhai una kipimo hicho. Yasema kwamba jamii haikubali jambo hilo lipite bila kuacha alama katika mali ya aliyelisababisha au ya jamaa zake. Na hili, nionavyo mimi, ndilo jawabu la ndani kabisa kwa wahasibu, kwa sababu katika kugawanya na kujumlisha hakuna mahali patupu: mstari usioandikwa kitu hesabu huusoma kuwa sifuri. Anayesema kwamba uhai, maji ya kisima na hewa ya vizazi ni vitu vitukufu mno kutiwa hesabuni, kisha akafanya uamuzi kwa hesabu hiyo hiyo, amevipa vitu hivyo thamani ya chini kuliko msumari.

Mhasibu mwenye akili atajibu kwamba dunia yote imefungamana, na kwamba tukiufuata mzigo wa mtambo hatutafika mwisho. Atasema kweli. Ndani ya chipu, ukuta mwembamba uizuiao shaba isipenye katika silikoni hufanywa kwa tantali, na sehemu kubwa ya tantali ya dunia huchimbwa Kongo na Rwanda, kama vile katika vilima vya Rubaya, Kivu ya Kaskazini, ambako watu wanaozungumza lugha hii ninayoiandika huingia mashimoni kwa sururu na koleo. Sheria ya Marekani ya mwaka 2010 yazitaka kampuni zitangaze kama madini yao ya tantali, bati, wolframu na dhahabu yametoka katika nchi hizo. Nayo ni hatua njema, ingawa kutangaza asili ya kitu siyo kulipa gharama yake. Je, mwenye mtambo wa Hsinchu, Taiwan, au wa Arizona adaiwe kwa shimo lililoporomoka Rubaya? Mafakihi walipambanua kati ya mtendaji wa moja kwa moja na msababishi wa mbali, wakaweka daraja za dhamana baina yao, wala hawakumtwisha mtu minyororo yote ya sababu tangu kuumbwa ulimwengu. Nami sitaki zaidi ya hivyo. Mpaka lazima uwepo. Ninalolikataa ni kwamba mpaka huo uwe ua wa kiwanda, ambao ulijengwa kuzuia wezi na haukujengwa na mtu yeyote aliyekuwa akifikiri juu ya haki.

Tena mpaka huo husogea, na huo ndio ushahidi kwamba haukuwekwa na maumbile. Mwaka 1999 Baraza la Dunia la Semikondakta, lenye wajumbe wa viwanda vya nchi zilizotangulia katika kazi hii, lilikubali kupunguza gesi zile za kudumu hadi asilimia 10 chini ya kiwango cha miaka ya 1990, na muda wa kutimiza ukawekwa kuwa mwaka 2010. Baada ya hapo vifaa vya kuchoma na kusafisha gesi vilifungwa kwenye mitambo kwa wingi, na vifaa hivyo navyo vina bei, vina vipuri, vinakula umeme, vinachukua nafasi. Basi vikaingia katika hesabu ya gharama ya kumiliki bila fomula kubadilishwa hata herufi moja. Kitu kilichokuwa sifuri kilipata tarakimu siku watu walipokubali kwamba ni deni lao.

Nchini Kenya, mjini Nyeri, katika viwanja vya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kimeanzishwa kiwanda cha semikondakta, Semiconductor Technologies Limited, na natarajia kwamba kwa majaliwa ya Mungu havitakosekana vingine katika nchi zetu. Anayeanza kazi hii baada ya wengine aghalabu huuziwa mitambo iliyokwisha tumika kwingine, na vishawishi vya bei ni vikubwa kwake kuliko kwa tajiri. Namwomba asiiache hesabu ya SEMATECH, maana itamwokoa na mtambo rahisi uharibuo kimoja katika mia. Lakini kabla hajagawanya, na aongeze mistari ambayo walioitunga hawakuiandika, na asiijaze yeye peke yake: mstari wa maji ujazwe mbele ya wakulima wanaoyatumia maji yale yale, na kiasi cha kuyarudisha safi kitengwe tangu mwaka wa kwanza, kama itengwavyo gharama ya kuuimarisha wakfu kabla ya pato kugawiwa, mstari wa afya ujazwe mbele ya wale watakaosimama karibu na kemikali, wakiwa wameambiwa majina yake na madhara yake kwa lugha waifahamuo, na penye nafasi ya umri yaandikwe miaka ya mtambo, kisha kando yake, kwa wino ule ule, yaandikwe miaka ya taka zake, pamoja na jina la atakayezisimamia mtambo ukishaondolewa.